Mchezo wa Sataranji Usiokufa

Watu wawili wakikaa kucheza bao, mmoja hushinda na mwenzake hushindwa. Kisha kete hukusanywa, watazamaji huondoka, na baada ya siku chache hapana akumbukaye vema jinsi mambo yalivyokwenda. Mshindi husema, "Nalimshinda upesi." Aliyeshindwa husema, "Nalikosa mara moja tu." Wala hapana awezaye kuwaamua, kwa kuwa mchezo wenyewe umekwisha kupotea.

Lakini uko mchezo ambao watu wake wamezoea kuuandika hatua kwa hatua, hata mtu aliye mbali sana, au aliyezaliwa miaka mia baadaye, aweza kuupanga tena juu ya meza yake na kuuona kama ulivyokuwa. Mchezo huo ni sataranji. Katika somo hili tutaona jinsi wapenda sataranji wanavyokaa pamoja na kuichungua michezo ya zamani, na faida waipatayo. Nasi tutachukua mfano mmoja, mchezo uliochezwa mjini London mwaka 1851.

Asili ya sataranji ni Bara Hindi, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Huko uliitwa chaturanga, maana yake viungo vinne, yaani sehemu nne za jeshi: ndovu, magari ya vita, wapanda farasi, na askari waendao kwa miguu. Kutoka huko uliingia Uajemi. Waarabu walipoitwaa nchi ya Uajemi wakaupenda mchezo huu, wakauita shatranj, na jina hilo ndilo lililofika katika Kiswahili chetu. Mjini Baghdad, katika karne ya 9 na ya 10, walikuwako mabingwa walioandika vitabu juu yake, kama al-Adli na as-Suli. Huyu as-Suli alikichungua kitabu cha al-Adli aliyemtangulia, akaonyesha mahali alipoona kuwa hakusema sawa. Basi twaona kwamba kuyapima maneno na matendo ya mabingwa waliotangulia si desturi iliyoanza jana. Baadaye mchezo ukaenea Ulaya kwa njia ya Hispania na njia nyingine, na karibu na mwaka 1500 kanuni zake zikabadilishwa huko, hata ukawa kama unavyochezwa leo.

Ubao wa sataranji una vyumba 64, vinane kwa vinane, cheupe na cheusi kwa zamu. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane. Ngome huenda moja kwa moja, mbele, nyuma au kando. Askofu huenda kwa mshazari. Malkia ana uwezo wa hao wote wawili. Farasi huruka, vyumba viwili upande mmoja na kimoja kando. Askari huenda mbele tu, chumba kimoja kimoja, ila mara yake ya kwanza aweza kwenda viwili; naye hula kwa mshazari. Mfalme huenda chumba kimoja tu, upande wowote.

Mfalme akitishwa, hana budi kuokolewa mara moja. Na akiwa hana njia ya kuokoka, mchezo umekwisha. Waajemi walisema "shah mat", maana yake mfalme amekwama, na mataifa mengi ya Ulaya hata leo hutumia maneno yaliyotokana na hayo. Lishikeni sana jambo hili: ushindi si kula kete nyingi, ushindi ni kumnasa mfalme. Asiyelishika hataufahamu mchezo tutakaousimulia.

Sasa, mchezo huandikwaje? Safu za kusimama hupewa herufi, tangu a hata h, na safu za kulala hupewa hesabu, tangu 1 hata 8. Hivyo kila chumba kina jina lake, kama vile nyumba ya mjini ijulikanavyo kwa jina la njia na namba ya mlango. Mfalme mweupe huanza katika chumba cha e1, na malkia wake d1. Askari aliye mbele ya mfalme yuko e2, na akisogea vyumba viwili huandikwa kuwa amekwenda e4. Philipp Stamma, mtu wa Aleppo katika nchi ya Shamu, aliandika kwa namna hii katika kitabu chake kilichopigwa chapa Paris mwaka 1737. Mataifa mengine yalikaa na njia zao kwa muda mrefu, lakini hii ndiyo njia inayotumika leo duniani pote. Kwa mistari michache ya herufi na hesabu, mchezo mzima waweza kuwekwa katika barua na kuvuka bahari.

Mwaka 1851 palikuwa na Maonyesho Makuu mjini London, na watu wa mataifa mengi walikwenda kuona mashine na kazi za mikono za kila nchi. Wapenda sataranji wa Uingereza, wakiongozwa na Howard Staunton, waliona kuwa hiyo ni nafasi njema ya kuwakusanya mabingwa. Wachezaji 16 wakashindana, na hayo ndiyo yaliyokuwa mashindano makuu ya kwanza ya mataifa katika sataranji. Aliyeshinda ni Adolf Anderssen, mwalimu wa hesabu wa mji wa Breslau, uliokuwa wa Prussia siku zile, na ambao leo huitwa Wrocław, nao umo katika nchi ya Polandi. Mtu wa kwanza aliyeshindwa naye katika mashindano hayo alikuwa Lionel Kieseritzky, mzaliwa wa Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu, katika nchi ya Estonia. Yeye naye alikuwa amefundisha hesabu kwao, kisha akahamia Paris, akapata riziki yake kwa kuwafundisha watu sataranji katika mkahawa ulioitwa Café de la Régence.

Lakini mchezo tunaousema haukuwa mmoja wa michezo ya mashindano yale. Watu hawa wawili waliucheza tarehe 21 Juni kwa kujifurahisha tu. Hapakuwa na zawadi wala cheo. Hata hivyo, michezo mingi ya mashindano yale imesahauliwa, na huu ungali unasomwa.

Tutamwita Anderssen Mweupe, kwa kuwa ndiye aliyeanza, na kwa desturi ya leo mwenye kuanza huandikwa kuwa ana kete nyeupe. Kieseritzky tutamwita Mweusi. Ukiwa na ubao, zipange kete na ufuate. Ukiwa huna, chora vyumba 64 juu ya karatasi, ukate vipande vidogo na kuandika juu yake majina ya kete, vyatosha.

Mweupe alianza kwa kumpeleka askari wa mfalme e4, na Mweusi akajibu kwa kumpeleka wake e5. Papo hapo Mweupe akamtoa askari wa pili, akamweka f4 ili aliwe, na Mweusi akamla. Mbona ampe adui askari bure? Kwa sababu alitaka njia zifunguke, ili kete zake kubwa zitoke upesi. Siku zile wachezaji walipenda sana kushambulia, na wengi waliona si uungwana kukataa kula kilichotolewa.

Kisha askofu wa Mweupe akatoka mpaka c4. Mweusi akamtoa malkia wake mapema, akamweka h4, akimtisha mfalme, na mfalme mweupe akasogea f1. Hapo Mweusi alionekana kuwa mbele: amekula askari mmoja, na mfalme wa adui ameondoshwa mahali pake. Lakini angalieni yaliyofuata. Farasi mweupe alitoka f3, akamtishia malkia, na malkia akakimbilia h6. Baadaye malkia akaja g5, akafukuzwa na askari mdogo mpaka g6, akafukuzwa tena na askari yule yule, akarudi g5. Katika hatua zake 13 za kwanza, Mweusi alimsogeza malkia mara tano. Na mara nyingi alipokuwa akimkimbiza malkia huku na huku, Mweupe alizidi kuleta nguvu zake karibu.

Katika hatua ya 11, askofu wa Mweupe alikuwa b5, ambapo alikuwa amekwisha kumla askari, naye alitishiwa na askari mwingine. Mweupe hakumwondoa. Aliisogeza ngome yake g1, akamwacha askofu aliwe. Hatua tatu baadaye malkia mweupe akatoka mpaka f3, na sasa Mweusi akaona hatari: malkia wake yu karibu kunaswa katikati ya kete za adui. Ili kumpatia njia ya kutokea, akamrudisha farasi wake kutoka f6 mpaka g8, yaani pale pale alipoanzia.

Simameni hapa kidogo, mtazame ubao. Hatua 14 zimekwisha kupita, na kete zote kubwa za Mweusi ziko kwao zilikolala tangu mwanzo, ila malkia peke yake. Ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, wote hawana kazi. Ni kama nyumba yenye watu wengi wenye nguvu, ambamo kazi yote huachiwa mama mmoja. Yeye achota maji, yeye alima, yeye atwanga, na wengine wamelala. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kustahimili siku ya taabu.

Katika hatua ya 17 farasi mweupe aliruka d5, na malkia mweusi akala askari wa b2. Sasa ngome zote mbili za Mweupe zimo hatarini: ile ya a1 imetishiwa na malkia, na ile ya g1 imetishiwa na askofu mweusi aliye c5. Mchezaji wa kawaida angejitahidi kuokoa moja walau. Anderssen alimchukua askofu wake aliye f4, akamweka d6, kana kwamba ngome zile si kitu.

Mweusi akala ngome ya g1. Mweupe akamsukuma askari wake kutoka e4 mpaka e5. Na askari huyu mdogo akaifunga njia ndefu ya mshazari ambayo kwayo malkia mweusi alikuwa akimsaidia mfalme wake kutoka mbali. Malkia akala ngome ya a1, akimtisha mfalme, na mfalme mweupe akasogea e2. Mweusi akaleta farasi wake a6 ili akilinde chumba cha c7. Farasi mweupe akala askari wa g7, akimtisha mfalme, na mfalme mweusi akakimbilia d8. Ndipo ikaja hatua iliyowashangaza watu: Mweupe alimweka malkia wake f6, mahali pa kuliwa. Farasi mweusi wa g8 akamla. Lakini farasi yule alikuwa mlinzi wa chumba cha e7. Alipoondoka tu, askofu mweupe akaingia e7, na mfalme mweusi akawa hana pa kwenda. Hiyo ilikuwa hatua ya 23.

Hesabuni sasa. Mweupe amepoteza malkia, ngome mbili, askofu mmoja na askari wawili. Mweusi amepoteza askari watatu tu, wala hakuna kete yake kubwa hata moja iliyoliwa. Hata hivyo Mweusi ndiye aliyeshindwa. Askofu mmoja na farasi wawili wa Mweupe walikuwa pamoja mahali pa vita, na malkia mweusi alikuwa mbali pembeni, a1, pamoja na mali aliyoiteka.

Ni nani aliyeueneza mchezo huu ulimwenguni? Hapa pana jambo la kukumbuka. Si mshindi tu aliyeusifu. Kieseritzky, yeye aliyeshindwa, alikuwa na gazeti lake la sataranji mjini Paris, jina lake La Régence, naye akauchapa humo mwaka ule ule wa 1851. Angaliweza kunyamaza, kwa kuwa mchezo ulikuwa wa kujifurahisha, na watu wa Paris wasingalijua. Lakini aliona kwamba mchezo ni mzuri, na uzuri wake haukupungua kwa sababu yeye ndiye aliyeshindwa. Miaka miwili baadaye, 1853, alikufa mjini Paris. Katika mwaka 1855 Ernst Falkbeer, mchezaji wa Vienna, aliuita Mchezo Usiokufa, na jina hilo limedumu hata leo.

Tangu hapo wapenda sataranji wa nchi nyingi wameupanga mchezo huu juu ya meza zao, wakaujadili. Kwanza wengi waliusifu tu. Lakini wako walioanza kuuliza: Je, Mweusi hakuwa na njia ya kuokoka? Mmoja wao alikuwa Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague, aliyemshinda Anderssen mjini London mwaka 1866, na ambaye mwaka 1886 alipata kuwa bingwa wa kwanza wa dunia. Mwaka 1879, mwaka ule ule aliokufa Anderssen, Steinitz alionyesha kwamba katika hatua ya 18 Mweusi hakupaswa kula ngome ya g1. Ilimpasa kwanza ale ngome ya a1 kwa malkia, akimtisha mfalme. Na mfalme akiisha kusogea e2, malkia arudi b2. Akiwa hapo yu karibu na mfalme wa adui, naye aweza kumla askari wa c2 na kumtisha mfalme tena. Basi Mweupe asingepata utulivu wa kuifunga njia kwa askari wa e5, wala asingekuwa na ushindi mkononi.

Baadaye bingwa wa Ujerumani, Robert Hübner (1948–2025), aliichungua tena hatua ile ile ya 18, safari hii kwa upande wa Mweupe. Mtu huyu, pamoja na kucheza sataranji, alikuwa mtaalamu wa kusoma maandishi ya kale ya mafunjo, na alizoea kutokubali neno mpaka amelipima. Akaonyesha kwamba Mweupe alikuwa na njia tatu walau zilizo bora kuliko kumweka askofu d6: angaliweza kusogeza askari d4, au kumrudisha askofu e3, au kuisogeza ngome ya a1 mpaka e1. Kwa njia hizo angalishinda pasipo kutoa ngome zake zote mbili.

Basi hatua iliyosifiwa kuliko karibu zote katika mchezo huu haikuwa hatua bora. Tena vitabu havipatani hata juu ya jinsi hatua za mwisho zilivyofuatana. Wengine huandika kwamba ngome ya a1 ndiyo iliyoliwa kwanza, ndipo ile ya g1. Kwa ajili hii wachunguzi wazuri hawatosheki na kitabu kimoja, bali hulinganisha vitabu, kama mwamuzi asikiavyo mashahidi wawili kabla ya kusema neno.

Pengine msomaji atauliza: Je, Anderssen amevunjiwa heshima? Sivyo. Wanaojadiliana juu ya mchezo wa zamani yawapasa kutenga maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: Hatua iliyo bora ilikuwa ipi? Swali la pili ni hili: Mchezaji mwenyewe, akiwa amekaa pale na adui mbele yake, aliweza kuona nini? Swali la kwanza twaweza kulijibu kwa utulivu, kwa kuwa tuna siku nyingi, tuna vitabu, na siku hizi tuna hata kompyuta. Swali la pili hutufundisha kuwaheshimu watu. Kukaa miaka mingi na mchezo uliokwisha na kuona kosa si jambo gumu kama kuucheza. Mtu anayechanganya maswali haya mawili huwa na moja ya tabia mbili mbaya: ama humsifu bingwa hata katika makosa yake, ama humcheka kana kwamba yeye mwenyewe asingekosa.

Sasa tuone jinsi wapenda sataranji wanavyofanya kazi hii wakiwa pamoja. Kwanza, mmoja huusoma mchezo hatua kwa hatua, na mwingine husogeza kete juu ya ubao. Wakifika mahali penye shida, hufunika hatua inayofuata, na kila mmoja hufikiri peke yake: "Mimi ningefanya nini hapa?" Haifai mtu kusema kabla wengine hawajafikiri, maana mwenye sauti kubwa huweza kuwafumba macho wenzake.

Pili, kila mmoja hutoa shauri lake, na shauri hujibiwa kwa kete, si kwa majivuno. Mtu akisema, "Malkia angekwenda b2," wenziwe humwambia, "Mpeleke, tuone." Kisha hutafuta jibu kali kabisa ambalo adui angeweza kutoa. Shauri likishindwa, limeshindwa juu ya ubao mbele ya macho ya wote, wala hapana haja ya kugombana. Katika kazi hii mtoto aweza kumsahihisha mzee pasipo kumkosea adabu, kwa kuwa kinachosema ni ubao.

Tatu, hawaulizi tu, "Alikosa wapi?" bali, "Kwa nini alikosa?" Katika mchezo wetu, kosa la hatua ya 18 lilikuwa kubwa, lakini ugonjwa ulianza mbali zaidi, tangu malkia alipotoka mapema na wenzake wakaachwa wamelala. Mtu akianguka mwisho wa mlima, mara nyingi alikuwa amekwisha kuchoka chini yake.

Nne, wakiisha, huandika waliyoyaona, ili wengine waendelee pale walipofika wao. Steinitz hakuanza upya. Alisoma yaliyoandikwa kabla yake. Hübner naye hakuanza upya. Hivyo maarifa huongezeka kama ukuta, tofali juu ya tofali.

Wengine husema kwamba siku hizi kazi hii haina faida, kwa kuwa mashine zimewapita watu. Ni kweli kwamba mwaka 1997, mjini New York, mashine iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia. Na leo hata kompyuta ndogo yaweza kumshinda bingwa. Mchunguzi huitumia mashine hiyo kama fundi atumiavyo timazi, kuona kama ukuta wake umesimama sawa. Lakini timazi haijengi nyumba. Mashine itakuambia kwamba hatua hii ni bora kuliko ile. Haitakaa nawe kukueleza sababu mpaka uifahamu. Sababu hupatikana kwa kufikiri, na kwa kuulizana na wenzako.

Tena iko desturi njema miongoni mwa wachezaji wa sataranji. Mchezo ukiisha, mshindi na aliyeshindwa mara nyingi hawaondoki. Huzirudisha kete mahali pake, wakaupitia mchezo wote pamoja. Mshindi husema, "Hapa naliogopa sana." Aliyeshindwa husema, "Mimi sikuiona hatari hiyo." Dakika chache zilizopita walikuwa maadui, sasa wanatafuta kitu kimoja, yaani kweli ya mambo. Ninyi mnaosoma mwaweza kufanya vivyo hivyo. Mkicheza sataranji, andikeni hatua zenu, na hasa msiitupe michezo mliyoshindwa. Mchezo ulioshinda hukupa furaha ya siku moja. Mchezo ulioshindwa, ukiuandika na kuuchungua, waweza kukufundisha muda mrefu.

Kieseritzky alishinda michezo mingi katika maisha yake, nayo watu wachache waijua. Jina lake lajulikana duniani kwa mchezo mmoja alioshindwa, akakubali kuuandika. Kama angaliuficha, Falkbeer asingalipata cha kuusifu, wala Steinitz cha kukisahihisha, wala sisi cha kujifunza.

MASWALI

1. Neno chaturanga maana yake nini, nalo lilifikaje kuwa sataranji?
2. Eleza jinsi vyumba vya ubao vinavyopewa majina. Chora ubao, kisha onyesha e4, d6 na a1.
3. Mweupe alipoteza kete zipi katika mchezo huu, na Mweusi zipi? Mbona Mweupe alishinda?
4. Steinitz alionyesha nini mwaka 1879?
5. Taja maswali mawili ambayo wachunguzi wa mchezo wa zamani yawapasa kuyatenga, ueleze kwa nini.
6. Kwa maneno yako mwenyewe, eleza kwa nini Kieseritzky astahili kusifiwa ingawa alishindwa.